Meza Isiyo na Msumari

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Saa,
S.L.P. 417.

Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Taratibu,

Kabla ya yote, unakula? Picha uliyotutumia imepita mikononi mwa watu wote wa nyumba hii na kila mmoja ametoa hukumu yake. Mama anasema umekonda. Shemeji yako anasema ni kivuli cha kofia tu. Mimi nimekitazama hicho kiwiko chako kwa makini na niko upande wa Mama. Basi pokea salamu zangu nyingi, na ukishazipokea nenda jikoni ukaombe sahani ya pili.

Sisi hatujambo, tunashukuru. Goti la Mama bado linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto hakamatiki, anapanda na kushuka ngazi akiwasimanga wanaomwambia apumzike. Dawa anameza anapokumbuka, na anakumbuka anapotaka. Shemeji yako yupo, anashinda ameinamia saa za watu na ile lenzi yake ya jicho moja. Kikohozi chako je, kimekuacha? Na yule mwenzako aliyeteguka kifundo cha mguu anaendeleaje?

Mama bado huwaambia majirani kwamba unafanya kazi ya ardhi. Hataki kutamka neno bomu ndani ya nyumba. Matokeo yake nusu ya mtaa inaamini umekuwa bwana shamba, na juzi mama wa ghorofa ya chini aliniomba nikuulize kwa nini nyanya zake za kwenye makopo zinanyauka. Nimemwambia apunguze maji. Ukija utanisahihisha.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati kuna simu ya Jumapili. Mdogo wangu, simu ya Jumapili ni ya Mama. Mimi hubakiziwa ile dakika ya mwisho, ya hujambo, sijambo, mtandao unakata. Ninalotaka kukueleza halienei katika dakika hiyo. Tena nataka ulisome mara mbili, umekaa.

Kifaa cha kutafutia mabomu ulichoshika kwenye picha nimekitambua. Ni cha kiwanda chetu, cha toleo la zamani, rangi imebanduka kwenye mpini mahali mkono unaposhika. Mwishoni mwa mpini pana namba, na chini ya namba pana nukta mbili. Nukta hizo ni zangu. Nilikipima mimi, miaka saba iliyopita, wala sikujua kwamba siku moja kitakuwa mikononi mwako huku umepiga magoti kwenye ardhi iliyojaa mabomu. Nilipoiona ile picha nililia kidogo, halafu nikaosha uso nikaenda kazini.

Sasa habari ya kiwanda. Mwaka jana nilikudokezea kwamba wenye mali wanafikiria kuhamishia utengenezaji ng'ambo. Basi hawafikirii tena, wamehamisha. Mashine zimefungwa kamba, zikapakiwa, zikaenda. Tulikuwa watu arobaini na wawili, tumebaki sita. Kazi yetu sasa ni kupokea vifaa vinavyotoka huko, kuvikagua na kuwapelekea wanunuzi. Ukumbi wa kuunganishia ni mtupu, sakafuni kumebaki alama za miguu ya mashine na kalenda moja ukutani iliyokomea mwezi wa nane. Nikipita hapo napiga hatua za haraka.

Mama Solda naye ameondolewa. Unamkumbuka, rafiki yangu aliyekuwa akiunganisha nyaya, ambaye wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukienda kwake kula halafu unarudi kwetu kula tena. Miaka kumi na minane ameshika chuma cha moto na hajaunguza hata waya mmoja. Sasa anatengeneza redio kibarazani kwake. Siku ya mwisho aliivua aproni yake, akaikunja vizuri kama anayeirudisha dukani, akaniambia, "Wewe umebaki kwa sababu ya masikio yako. Yatunze."

Maana mimi bado ndiye mpimaji wa mwisho, na bado wananiita Masikio. Chumba changu ni kilekile cha nyuma, kuta za mbao, dari ya mbao, na katikati meza aliyoitengeneza Fundi Randa kabla mimi sijaajiriwa. Meza ile haina msumari hata mmoja. Imeshikana kwa vigingi vya mbao na gundi. Anayeingia chumba kile haingii na funguo, saa, kibanio cha nywele wala kiatu chenye tundu la chuma. Nywele zangu nazifunga kwa uzi, sketi zangu ni za kamba, na pete yangu ya ndoa hulala kwenye kisahani cha shemeji yako hadi jioni. Yeye husema ameoa mke wa jioni na Jumapili.

Sababu unaijua kuliko mimi, lakini niache niieleze, maana ndiyo kiini cha barua hii. Kifaa kikishaunganishwa lazima kisawazishwe. Unakiweka mahali pasipo na chembe ya chuma, unakiwasha, unakirekebisha hadi kinyamaze kabisa. Hapo kinajifunza ukimya. Kuanzia hapo chuma chochote kikisogea, kinalia. Ukikisawazisha karibu na chuma, kinajifunza kukihesabu chuma kile kuwa ukimya, na ukikiondoa hapo kinakuwa kizito cha kusikia. Chuma kikubwa kitakisikia. Kidogo kitakipita, kimya.

Kipimo chetu cha mwisho tunakiita Punje. Ni kichembe cha chuma kisichozidi punje ya mchele, kimefungwa ndani ya kipande cha nta. Kifaa kisichoisikia Punje hakitoki chumbani mwangu, kwa sababu bomu la plastiki halina chuma zaidi ya hicho. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya miaka ishirini na mitatu.

Kabla mashine hazijaondoka, meneja wetu mpya alinitaka niandike kitabu cha upimaji, kila hatua, ili wa ng'ambo wakifuate. Meneja huyu tunamwita Bwana Kalenda kwa kuwa hana sentensi isiyo na tarehe. Nilikiandika kwa wiki tatu, kurasa hamsini na nane. Nikakisoma, nikakisoma tena, nikamsomea na shemeji yako mpaka akasinzia na lenzi jichoni. Nilijiona mwandishi. Kikatafsiriwa, kikaenda.

Shehena ya kwanza ikafika wiki sita zilizopita, vifaa mia mbili na arobaini. Mdogo wangu, lazima niseme ukweli, vilikuwa vizuri kuliko vyetu. Maungio hayana mwanya, rangi imekaa sawasawa, nyaya ndani zimelala kama nywele zilizochanwa. Kila kimoja kina karatasi yake, na kila karatasi inasema Punje imesikika. Mkataba unataka nichague kumi tu nivikague. Nikachagua kumi, nikaviweka juu ya meza ya Fundi Randa, nikavaa spika zangu masikioni.

Kipande cha ukubwa wa sarafu vilikisikia vyote. Punje vilisikia vitatu.

Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi nikapima upya. Vitatu. Nikachagua vingine ishirini bila kumwomba mtu ruhusa, na hapo vinane tu ndivyo vilivyosikia. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani nikaona sitini katika hivyo vinakwenda kambini kwenu. Nikakaa sakafuni.

Baada ya hofu ikaja hasira, nawe unaijua hasira yangu. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilisema wale watu wamelipua kazi, wanasaini karatasi bila kupima, wanatuuzia rangi. Nikatoka na hasira zangu moja kwa moja hadi kibarazani kwa Mama Solda, nikayamwaga yote. Nilitaka mtu wa kukasirika naye, na yeye hakuniangusha.

Lakini Mama Solda si mtu wa kukasirika halafu akalala. Kufikia Jumamosi alikuwa amewakusanya wenzetu walioondolewa, nyumbani kwake, viti vikaazimwa kwa majirani. Wakaandika barua kwa wenye mali: kwamba kazi ya ng'ambo imeharibika, kwamba watu wa huko hawaiwezi, kwamba utengenezaji urudishwe nyumbani kabla mtu hajafa. Majina thelathini na moja yalikuwa yameshaandikwa. Nafasi ya juu kabisa iliachwa wazi, ya kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepima. Nikawaambia nitaisaini Jumatatu, nikimaliza kuzungumza na mpimaji wa huko kwa video. Nilitaka kwanza nimwambie usoni.

Mpimaji wa huko ni mwanamke wa makamo kama mimi, na kati yetu palikuwa na mkalimani. Nimempa jina Bi Kurasa, utaona kwa nini. Alinisalimu kwa heshima, akageuza kamera kunionyesha chumba chake. Kisafi, cheupe. Na katikati, meza. Mpya, inang'aa, ya chuma kitupu. Alisema waliinunua makusudi, iliyo bora kuliko zote dukani, kwa kuuheshimu upimaji. Na kidoleni alikuwa na pete.

Nikapandisha sauti. Nikamuuliza anawezaje kusawazisha vifaa juu ya chuma, na pete mkononi, mtu mzima. Mkalimani akasita, nadhani alipunguza makali. Bi Kurasa akakichukua kitabu changu, kile nilichokiandika mimi, kimejaa vijikaratasi vya rangi kila ukurasa, kimechakaa kwa kusomwa. Akakiinua mbele ya kamera akauliza kitu kimoja tu.

"Ni ukurasa gani unaosema meza iwe ya mbao?"

Nikamwambia asubiri. Nikafungua nakala yangu. Ukurasa wa tisa nimeandika: weka kifaa mezani. Wa kumi na nne: kiache mezani dakika tano. Wa thelathini: futa meza. Meza, meza, meza. Hakuna hata pahali pamoja nilipoandika meza ya mbao. Hakuna hata pahali pamoja nilipoandika vua pete. Kurasa hamsini na nane, Taratibu, nimeeleza mpaka namna ya kukunja kitambaa cha kufutia, na hilo halimo. Kwetu hapajawahi kuwa na meza nyingine, kwa hiyo kwangu neno lenyewe lilitosha.

Wala hawakudanganya kwenye karatasi. Juu ya meza yao Punje ilisikika kweli. Kifaa kilikuwa kimeizoea meza ile. Uziwi ulikuja kilipoinuliwa kikawekwa sandukuni.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimwomba radhi mwanamke yule pale pale, mbele ya mkalimani. Yeye akachukua kalamu, akaniambia nitaje yote mengine ambayo sikuyaandika. Tulikaa saa mbili. Kila nilichokitaja alikiandika kwenye kijikaratasi akakibandika.

Sasa nitakuungamia jambo ambalo hata shemeji yako nilichelewa kumwambia. Siku mbili nilinyamaza. Kitabu kilikuwa mkobani, na kila nikikutana na mtu wa ile orodha ananiuliza, "Umeshasaini?" Nilijua nikisaini na kufunga mdomo, huenda kweli wenye mali wakatishika, mashine zikarudi, Mama Solda akaivaa aproni yake tena. Nilichotakiwa kufanya ni kutokusema tu. Nikawaza sana, na kila nilipowaza nilifika pale pale: kama wataamini kosa ni la mikono ya watu wa ng'ambo, hakuna atakayeigusa meza yao, na shehena ya pili itatoka kiziwi kama ya kwanza. Na itafika kwenu.

Nikaenda. Viti vya kuazima vilikuwepo tena. Nikawafungulia ukurasa wa tisa, wa kumi na nne na wa thelathini. Nikawaambia hawa watu wanaijua kazi, tena wanaijua vizuri, aliyekosea ni mimi, na barua hiyo kama ilivyoandikwa siisaini. Nikawaambia nitaandika nao nyingine, ya kusema ukweli, kwamba ufundi wa miaka ishirini haukunjiki kwa wiki tatu ukaingia kitabuni, na kwamba kumwondoa anayeujua kabla ya kumuuliza ni kujitia kitanzi. Hiyo niko tayari kusaini mara tatu.

Wengine waliinuka. Mmoja alisema nimejiokoa mwenyewe kwa kuwa mimi bado nina kazi. Hilo liliniuma, na linaniuma bado. Mama Solda alianza kukusanya viti huku watu wengine wangali wameketi.

Nikafikiri gumu limekwisha, kumbe bado Bwana Kalenda. Nilimwandikia kila kitu, kosa langu nikaliweka mstari wa kwanza. Akaniita ofisini. Ukutani ana kalenda tatu, za rangi tatu. Akasema shehena inaondoka tarehe ishirini na nane ya Februari, mnunuzi anasubiri, mkataba unataka kifaa kisikie kipande cha ukubwa wa sarafu, na kimesikia. Akasema, "Hiyo Punje ni mila yenu ya chumbani."

Nikamwambia mdogo wangu mimi anatembea juu ya hiyo mila.

Akasema anaelewa, lakini kama kosa ni langu basi nisiwe mimi tena wa kuzuia kazi. Akanisogezea karatasi mia mbili na arobaini nisaini, kwa upole kabisa, na kwa upole uleule akanikumbusha kwamba sita wanaweza kuwa watano. Nikachukua kalamu nikamwambia nitasaini zote. Akafurahi. Nikaketi pale pale mezani pake na juu ya kila sahihi nikaandika: Kifaa hiki hakijathibitishwa kuisikia Punje. Nikampa ya kwanza, akaisoma. Nikampa ya pili, akaisoma. Ya tatu hakuisoma. Karatasi ile humfikia mnunuzi, naye alilijua hilo.

Akatazama kalenda zake zote tatu. Kisha akanipa siku kumi za kazi juu ya tarehe hiyo.

Siku kumi, vifaa mia mbili na arobaini, meza moja. Ishirini na nne kwa siku, dakika ishirini kila kimoja, bila kukohoa. Wale wenzangu watano wakawa wanafungua masanduku na kufunga, mimi nasawazisha. Siku ya kwanza nilimaliza kumi na tisa. Ya pili ishirini na moja. Vingine vilihitaji kufunguliwa ndani na kuguswa waya, na mikono yangu si ya waya. Nikaanza kuhesabu na kuona haitatosha. Nilisema moyoni hata kama ni vile sitini tu, havitoki viziwi.

Siku ya tatu asubuhi mlango ukagongwa. Mama Solda, aproni yake mkononi, viatu vya kitambaa, nywele kafunga kwa uzi. Hakunisalimu.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya Taratibu."

Basi akakaa chumba cha pili na chuma chake cha moto, mimi nikampitishia vilivyokuwa vikaidi, yeye akavifungua, akavigusa, akavifunga. Hakupaza sauti, hakunitania, chakula cha mchana alikula peke yake. Siku ya kumi, saa tisa na robo alasiri, kifaa cha mia mbili na arobaini kiliisikia Punje. Nilimwita aje asikilize. Alivaa spika, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaivua aproni na kuikunja vilevile. Bado hanitembelei. Nitaendelea kumpelekea salamu hadi achoke kuzikataa.

Na barua ile ya pili tumeiandika. Ina majina kumi na sita tu, la kwanza ni langu. Tumeomba angalau kila kundi la kazi ng'ambo limpate mmoja wetu wa kukaa nalo, alipwe, aulizwe. Jibu bado. Wakinyamaza nitaandika nyingine, na wakinyamaza tena nyingine. Wino ninao.

Wakati huohuo nilikwenda kwa Fundi Randa. Amestaafu, mkono wa kushoto unamtetemeka, na ulimi wake haujapungua makali. Nikamwomba atengeneze meza ya pili, mfano wa ile. Akafoka, "Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini sikutia msumari. Mlidhani nilikuwa bahili?" Kisha akaenda kuchagua mbao. Aliyekata ni yeye, aliyeshikilia ni shemeji yako, ambaye mkono wake hautetemeki, na waligombana tangu kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Meza imetoka nzuri. Imekwenda ng'ambo kwa ndege, na chini yake Fundi Randa amechoma kwa moto maneno: MEZA NI HII.

Bi Kurasa ameniletea picha. Meza iko katikati ya chumba, ile ya chuma imepelekwa jikoni. Kidole chake kina alama nyeupe mahali pete ilipokuwa. Ilimchukua sabuni na nusu saa, anasema, na mumewe amemuuliza kama kuna jambo anapaswa kujua. Kwenye kitabu chetu sasa pana kurasa sabini na tatu, na yeye ameandika saba kati ya hizo. Kazi yake naiamini, lakini bado naipima.

Naona karatasi inakwisha. Wenzako wa kambini uwape salamu zangu, hasa huyo mwenye kifundo cha mguu. Mama anakusalimu na anasema uvae fulana ya ndani. Shemeji yako anakusalimu, saa yako ameshaitengeneza ila hataki kuituma, anasema utaijia mwenyewe. Fundi Randa anauliza kama bado unakula polepole kuliko watu wote duniani, na nimemjibu kwamba sasa unalipwa kwa hilo. Mama Solda hakunituma salamu, lakini siku ile ya mwisho aliniuliza kambi yenu inapata vifaa vingapi, na vile sitini akavipitia mara ya pili. Hizo zihesabu kuwa salamu.

Sasa nisikilize vizuri. Barua hii imekuja ndani ya sanduku la vifaa vyenu, nimeifunga mimi mwenyewe. Kila kifaa kina nukta zangu mbili. Usikiamini kwa sababu ya nukta hizo. Aliyeziweka ndiye aliyeandika kurasa hamsini na nane akasahau neno moja. Kwenye kona ya sanduku kuna kikopo cha plastiki, ndani yake mna Punje, ya kwenu, mkae nayo.

Kurasa hizi nimezishona kwa uzi, maana pini haiingii katika sanduku langu. Basi laza barua juu ya ardhi mnayoijua kuwa salama, washa kifaa, kipitishe juu yake. Kinyamaze. Kisha tia Punje chini ya ukurasa huu, ukipitishe tena. Kikilia, nenda kazini, taratibu kama jina lako. Kisipolia, asitoke mtu yeyote siku hiyo, wewe wala mwenzako, na unipigie mimi, hata kama ni Jumapili na simu anayo Mama.

Mungu akuongoze kila unapoweka goti, na akurudishe kwetu na viungo vyako vyote nilivyokuogesha utotoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kipimo,

Masikio.